Maswali Niliyojijibu Mwenyewe

Mkuu wa chuo aliponiita ofisini akaniambia nimechaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya kuboresha ufundishaji, nilidhani ananitania. Nilikuwa nimefundisha ukunga miaka kumi na tisa.

"Mtu wa umri wangu akafundishwe kufundisha?" nilimuuliza.

Akacheka, akanipa barua. Vyuo vingine vilipeleka wakufunzi wawiliwawili. Chuo chetu kidogo cha huku juu, upande wa Shume, kilipewa nafasi moja tu.

Mafunzo yalikuwa ya wiki moja, katika hosteli ya misheni karibu na Lushoto mjini. Ilikuwa Julai, na asubuhi tulikunywa chai tumejikunyata ndani ya masweta. Waliokuja wawiliwawili walikaa hivyohivyo, wakiteta Kishambaa na kucheka. Mimi nilichukua kikombe changu nikasimama dirishani, kama mtu anayesubiri kupigiwa simu. Tangu mume wangu afariki nilikuwa nimezoea kula peke yangu, lakini kula peke yako nyumbani si sawa na kula peke yako katikati ya watu.

Mwezeshaji wetu alikuwa mwanamke kijana, mhadhiri wa chuo kikuu. Aliponiona aliacha makaratasi yake mezani, akaja moja kwa moja, akakunja goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Ilinichukua muda kumkumbuka. Alikuwa mwanafunzi wangu. Alikaa safu ya pili, ubavuni mwa ukuta, na katika miaka mitatu sikukumbuka kusikia sauti yake. Nilikuwa nimemweka katika kundi la wazito wa kuelewa.

Siku ya tatu kila mmoja wetu alifundisha dakika kumi mbele ya wenzake, huku akirekodiwa kwa simu. Nilichagua mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, maana hakuna ninachokijua kuliko hicho. Nilimaliza nikijisikia vizuri. Baadaye watu walitakiwa kutazama video zao wakiwa wawiliwawili. Sikuwa na mwenza, kwa hiyo mwezeshaji akaja kukaa nami kwenye benchi la nje, akaweka simu katikati yetu.

"Mwalimu, naomba uhesabu maswali unayouliza. Halafu uangalie nani anayajibu."

Nikahesabu. Yalikuwa saba, na yote niliyajibu mwenyewe. Kati ya swali na jibu hapakuwa hata na nafasi ya mtu kuvuta pumzi.

"Hata nyinyi niliwafundisha hivi?" nilimuuliza.

Alifunga na kufungua kifuniko cha kalamu.

"Mwalimu, unisamehe. Siku nyingi nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Mwisho nikazoea. Nilipoanza kazi wodi ya wazazi, nilimwona daktari anaandika kipimo cha dawa kisicho sahihi. Nikashindwa kusema."

"Ikawaje?"

"Muuguzi mwingine aliona, akamwambia. Mama alipona. Lakini mimi ndiye niliyeona kwanza."

Akanishika mkono, akasema nilimfundisha vizuri yote anayoyajua kuhusu uzazi, ila kitu kimoja tu sikukijua, kusubiri. Kisha akaitwa na wengine, akaondoka. Nilibaki pale benchini mpaka jua likaondoka uani, nikiwahesabu wanafunzi wa safu ya ubavuni mwa ukuta, mwaka baada ya mwaka. Wengi sikuwakumbuka hata sura.

Niliporudi nyumbani hapakuwa na wa kumsimulia. Binti yangu yuko Dodoma, na mambo haya si ya kwenye simu. Jumapili, baada ya ibada, nilisimama sebuleni nikauliza swali la ukunga mbele ya viti vitupu, nikahesabu moyoni hadi kumi. Sikujua kumi ni mbali hivyo.

Jumatatu niliingia darasani. "Mama amejifungua. Kondo la nyuma limetoka, lakini damu bado inamwagika. Utafanya nini kwanza?"

Walishika kalamu, wakasubiri niwatajie jibu waandike. Nikanyamaza. Wakatazamana. Nilipofika saba mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikaufunga. Nilipita kumi. Ndipo binti mmoja wa nyuma, wa familia ya wakulima wa kabichi, akasema kwa sauti ndogo:

"Nitaita msaada, mwalimu."

"Kwa nini?"

Nikasubiri tena.

"Kwa sababu peke yangu sitaweza."

Lilikuwa jibu sahihi, ndivyo hata mwongozo unavyosema. Lakini niligeukia ubao, nikajifanya natafuta chaki.

Si kila kitu kilikwenda vizuri baada ya hapo. Mada zilichelewa, tukalazimika kusoma Jumamosi, na wanafunzi wakanung'unika. Mkufunzi mwenzangu aliyepita mlangoni na kukuta kimya aliniuliza kama nimeishiwa maneno. Mkuu alinitaka niwaeleze wenzangu nilichojifunza. Walikuja watatu, na mmoja akawa anasahihisha mitihani yake muda wote.

Yule binti wa nyuma sasa anauliza maswali mpaka mengine nalazimika kwenda kuyatafutia majibu vitabuni. Wenzake wawili watatu wamemfuata. Wengine bado wananitazama tu.

Mwishoni mwa muhula nilimwandikia mwezeshaji ujumbe, nikamwomba msamaha ambao pale benchini haukutoka. Alijibu kesho yake: "Asante, mwalimu wangu. Ilinichukua miaka kujua kwamba sikuwa mjinga." Niliusoma mara nyingi. Nilianza kuandika jibu, nikafuta, nikaanza tena. Mpaka leo sijalituma.