Barabara Iliyopita Sebuleni

Mume wangu, Modest Lugembe, alipanga miji miaka thelathini na moja, akastaafu juzijuzi. Toka Goweko mpaka Usoke, ukiona soko au stendi iliyonyooka, ujue mkono wake umepita. Si msemaji. Akiingia kwa watu huhesabu hatua toka mlangoni mpaka uani kabla hajaketi, na mimi ndiye wa kumwombea radhi kwa wenyeji.

Mwaka 1999 alichora mtaa wetu, hapa pembeni ya Mtendeni, ungali mashamba ya mihogo na kijia cha wapagazi wa zamani. Kisha akapelekwa Usoke miezi minane. Huku nyuma nikanunua kiwanja, nikajenga. Aliporudi alikuta kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Akaizunguka nyumba mara mbili, akasema, "Umejitahidi, Mama Recheli." Basi. Tukaezeka, tukalea watoto wanne humo.

Mwaka jana ukaja urasimishaji: majirani wakae, wakubaliane nani atoe ardhi barabara ipite, ndipo watu wapate hati. Ng'ambo ya njia yetu anakaa Asnath, mjane mwenye vyumba viwili. Kimoja anapangisha, ndicho kinachomlisha. Kikao kikaelekea kukibomoa hicho. Nami, nisiseme uongo, niliomba Mungu iwe hivyo.

Asnath akasimama. "Baba Recheli, wewe ndiye uliyechora. Mwanzo barabara ilipita wapi?"

Hakuna mwingine aliyekuwa na mchoro ule. Angesema amesahau, yangeisha. Akavua miwani. "Ilipita sebuleni kwangu," akasema. "Nililijua tangu siku niliyorudi kutoka Usoke."

Watu wakacheka: mganga hajigangi. Mimi nikawaka. Siku tatu nilimpakulia chakula bila kumsemesha.

Juma lililofuata akapanda mwenyewe kung'oa mabati ya sebule yetu, mtu wa miaka sitini na mbili, mimi nayapokea chini. Akashuka kunywa maji.

"Nisamehe, mke wangu," akasema. "Nilinyamaza miaka yote ili usijione mjinga. Hukujua."

Nikamwambia kweli, maana nilichoka kuibeba. Nilijua. Mchoro ulikuwa juu ya meza yetu ya chakula, niliuona kabla sijalipia kiwanja. Kiliuzwa rahisi kwa sababu kilikuwa barabarani, nami sikuamini kwamba barabara aliyoichora yeye ingekuja kupita siku yoyote.

Akaketi juu ya matofali. Maji hakuyamaliza.