Mafuta ya Jumapili

Muuguzi wa makao ya wazee pale Malukhu ana viganja vipana, vyenye joto hata mvua ya mlima Wanale ikishuka, na kila Jumapili kabla ya wageni kufika huwapaka wazee mafuta ya mgando mikononi huku akiimba puani. Bibi Namwase, mmoja wa wazee hao, alikuwa akinung'unika: mbona anasugua dole gumba kama sufuria iliyoungua? "Ngozi, jaja, bibi yangu, ngozi," hujibu kwa sauti yake nzito, kisha huongeza donge jingine. Namwase alikuja kuelewa siku Bruhan, mtoto wa kaka yake, alipotoka Jinja na soda, tabasamu, karatasi na kidau cha wino. "Shangazi, tia dole hapa, ni mambo ya hospitali." Akamshika mkono, akabonyeza. Likatoka doa lisilo na mistari ya kidole. Akafuta, akabonyeza tena. Doa lile lile. "Mafuta gani haya?" akafoka. "Sheria inatuagiza tuwatunze wazee, bwana," muuguzi akasema, akimfuta Namwase wino taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. "Tena inataka asiyejua kusoma asomewe kwanza. Nimsomee hii ya kuuza kiwanja chake cha Masese?" Ghafla Bruhan akakumbuka kwamba safari ya Jinja ni ndefu.

Tangu hapo Namwase hutoa gumba mwenyewe, lakini hamwahi mzee Isiko, asiye na kiwanja wala ndugu. Huyo hutangulia kuketi, dole juu, na muuguzi humpaka kuliko wote. "Huwezi kujua, mzee," humwambia, "nani atakuja leo."