Mwaka Mpunga Wetu Ulipoota Vitunguu

Mpunga unaochanua una harufu yake, tamu kidogo, kama maziwa yanayoanza kupata moto. Msimu mmoja wa masika, katikati ya miaka ya tisini, harufu hiyo ilitoka shambani kwa mama mdogo Leokadia tu. Mashamba yetu yalipakana kule Katindiuka, pembeni mwa Ifakara, na tuta moja liliyatenga. Mpunga wetu ulikuwa wa kijani kuliko wake, umetoa machipukizi mengi hata wapita njia wakampongeza Mama. Lakini tulipongoja masuke, tukaona vitu vya kijani kilichopauka, vya mviringo kama mirija, vyenye uwazi ndani, mfano wa majani ya kitunguu. Nilichana kimoja kwa kucha nikakuta funza wa rangi ya waridi amejikunja, mdogo kuliko punje. Nilimpelekea Mama. Alimtazama, kisha akatazama ng'ambo ya tuta, kwa mdogo wake.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema. “Nilipokuwa kitandani na homa, nani alinisilia mbegu hizi?”

Alikuwa mama mdogo. Nilikumbuka alivyopita kwenye tope akirusha mbegu huku akiimba, nami nikimfuata nyuma, na sikuelewa wema ule umegeukaje kuwa ushahidi. Bwana shamba alikuja na baiskeli yake, akachana majani yale, akasema ni kazi ya nzi mdogo afananaye na mbu. Funza wake akiingia kwenye kichipukizi, mpunga wenyewe humjengea nyumba, na kichipukizi hicho hakizai tena.

“Mpunga unamjengea adui yake?” Mama aliuliza. “Kwa nini?”

“Hapo, mama, hata mimi sijui.”

“Basi anayejua yupo,” alisema, akitazama tena ng'ambo ya tuta.

Wahenga walisema, wakigombana ndugu, chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua jembe gani? Mama mdogo aliniita njiani, “Gaudensia, mbona siku hizi hupiti?” nami nikasema “Shikamoo” kwa sauti ndogo, nikakimbia bila kungoja marahaba. Baada ya mavuno alituletea kikapu cha mchele mpya. Mama alikirudisha bila kukifungua, nasi tukala ugali wa muhogo hadi msimu uliofuata. Mama mdogo na mumewe wakahamia Idete. Tangu hapo ndugu hao walisalimiana misibani tu.

Sasa nafundisha baiolojia. Nimesoma kwamba mimea hukua kwa kuongozwa na homoni, na kwamba baadhi ya wadudu wanaotengeneza uvimbe kwenye mimea wana homoni hizohizo miilini mwao, wengine wakizitengeneza wenyewe. Mmea hupokea agizo, ukatii kana kwamba umejiagiza. Wadudu waliupataje uwezo huo, kizazi baada ya kizazi, wataalamu bado wanabishana. Mwaka jana nilimweleza Mama yote hayo.

“Kwa hiyo Leokadia alisia mbegu tu.”

“Alisia tu, Mama.”

Kesho yake alinitaka nimpeleke Idete. Mama mdogo alitupokea uani, mvi kichwani, akamshika dada yake mikono yote miwili. Mama akaanza kueleza habari za yule nzi, akikosea hapa na pale, machozi yakimtoka. Mama mdogo alimkatiza.

“Nzi gani, dada? Mimi miaka yote nilijua umenikasirikia kwa sababu nilisia kwangu kwanza, kwako nikachelewa.”

Waligeuka wote wawili, wakanitazama mimi, mwalimu. Nilijua kwamba mpunga uliochelewa kupandwa ndio nzi huyo huushambulia zaidi. Utotoni, kati ya mashamba yale mawili, nilinyamaza kwa kuwa sikujua lolote. Pale uani nilijua. Nikauliza kama kuna maji ya kunywa.