Mizani ya Ami Athmani

Mizani ikisema kweli na gitaa bado likapasuka, nani amesema uongo? Niliuliza swali hili nikiwa na miaka kumi, mwaka mmoja kabla ya uhuru, nimesimama mlangoni pa karakana ya baba yangu huko Jomvu Kuu, pwani. Baba alikuwa ameliinamia sanduku lililorudi kwa treni kutoka Nairobi. Mekoni gundi ya ngozi ilikuwa ikichemka, na harufu yake, iliyozoea kuingia hadi kwenye buibui la mama na daftari zangu za shule, iligeuka ikawa ya kuungua. Tuliisikia sote, wala hapana aliyekwenda kuiepua.

Baba alikuwa amebeba magunia bandarini mpaka mgongo ukamshinda. Kazi ya kuunda magitaa alijifundisha mwenyewe, kwa kulifumua gitaa bovu la baharia mmoja na kuliunganisha tena na tena hata akazijua siri zake. Kwetu kazi hiyo haikuwa na heshima. Wazee walipita karakanani wakiangalia upande wa pili, lakini vijana wa Changamwe na Miritini walikuja, na nyumba yetu ikala. Kisha mtu mmoja mwenye klabu ya muziki Nairobi akaagiza magitaa mawili. Kabla mwezi haujaisha, yote mawili yalikuwa yamepasuka uso. Barua yake niliisoma mimi, kwa kuwa baba alijua hati za Kiarabu tu. Mbao zilikuwa mbichi, alisema. Mwenye kuunda gitaa hupima uzito wa mbao zake kila juma, na zikiacha kupungua ndipo hujua kuwa zimekauka. Angechukua sita zaidi, na hayo yakipasuka, basi. Baba aliniambia nilirudie neno hilo la mwisho. "Basi" ilikuwa na maana moja tu nyumbani kwetu: bandarini, na mgongo ule ule.

Maisha yake yote alikuwa akiujua ubao kwa kuugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Sasa sikio lake halikuaminika tena, kwa hiyo tukaenda kutafuta mizani, mimi nikiwa nimebeba kipande cha ubao wa mkangazi begani. Ya kwanza ilikuwa ya kuning'iniza, ya wauza samaki, yenye uso wa namba ambao baba aliupenda mno. Tukakipima kipande kile mara tatu, na mara tatu tukapata uzito tofauti, maana chumvi ilikuwa imekwisha kuila springi yake. Ya pili ilikuwa ya sonara, nzuri kama pambo, ila sahani yake haikuweza kubeba hata vigingi vya kukazia nyuzi. Ya tatu ilikuwa ya Athmani mwenye duka, tuliyemwita Ami ingawa hatukuwa na udugu naye wa damu. Ilikuwa mizani ya sahani mbili na mawe ya chuma, iliyowapimia watu wa Jomvu mchele tangu enzi za marehemu baba yake. Kipande chetu kilipata uzito ule ule mara tatu. Ami Athmani alikuwa mtu wa swala, asiyeruhusu hata redio dukani mwake, nami nilijua atakataa. Aliipangusa sahani kwa ncha ya kanzu.

"Magitaa yako siyapendi, Bakari, na wajua. Lakini mizani ni amana. Mimi nimeletewa mpya. Hii ichukue, iko sawa."

Tangu hapo kila Jumamosi nilipanga mawe kwenye sahani, nikataja uzito kwa sauti, kisha nikauandika kwa chaki ukutani. Mbao zilipungua, zikapungua tena, halafu zikasimama. Juma la kwanza ratili tatu na wakia mbili. La pili vile vile. La tatu na la nne vile vile. Baba aliupapasa ukuta ule kama mtu apapasaye kichwa cha mtoto. Akaunda magitaa sita. Mama, ambaye hakuwahi kuisifu kazi ile, alilipiga kidole moja lao akasema lina sauti ya mtu mwenye adabu. Na yote sita ndiyo yaliyorudi katika sanduku lile, kila moja na ufa wake, kuanzia kwenye tundu la sauti mpaka chini.

Jirani mmoja alichungulia akasema ngoma ikivuma sana hupasuka, akaenda zake. Baba aliinuka. Aliibeba mizani mpaka dukani, mimi nyuma yake, alasiri wakati baraza limejaa watu. Akaitua mbele ya Ami Athmani, kisha akaniita.

"Mwanaisha."

"Abee, baba."

"Ulisoma vyema?"

Nilitazama watu wote wale. Nilikuwa nimesoma vyema, nikasema ndiyo.

"Hukukosea hata mara moja?"

"Sikukosea."

"Basi," baba akawaambia watu wa baraza, "kikulacho ki nguoni mwako. Mizani hii ni ya uongo."

Kwetu kila mtoto wa chuo cha Kurani anaijua kwa moyo sura inayowaonya wapunjao vipimo. Bora ungemwita mtu mlevi kuliko kumwambia maneno yale. Ami Athmani hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba ataulizwa kuhusu mizani ile siku ya kiyama, akaigusa kwa vidole viwili kana kwamba ina moto. Watu wakaanza kutazamana, na nikaona kila mmoja akikumbuka mchele aliowahi kununua. Siku ya pili Rukia, binti wa Ami Athmani na rafiki yangu, alinipita njiani bila kunitazama. Baba akarudi bandarini. Mama akamwaga gundi nyuma ya nyumba. Uhuru ulipofika, kijiji chote kilishangilia magitaa yaliyoundwa na watu wengine, na baba alilala kifudifudi akikandwa mgongo kwa maji moto.

Chuo kikuu nilikwenda na swali langu begani kama kile kipande cha mkangazi. Huko nilifunzwa kwamba ubao hauachi kupungua uzito kwa sababu umekauka. Huacha pale unyevu wake unapolingana na ule wa hewa iliyouzunguka. Mbao zetu zilikuwa zimekauka kwa kadiri ya Jomvu, pembeni mwa maji. Nairobi, penye hewa kavu, zilianza upya kupungua, na zikapasuka. Kisha nikaona jambo lililoniumiza zaidi, kwani halikuhitaji chuo chochote: hata mizani ya mwizi hupunja kwa kiasi kile kile kila Jumamosi. Isingeweza kutudanganya kuhusu mbao zilizosimama. Mtoto wa miaka kumi angeweza kulisema hilo pale barazani, lakini mimi niliulizwa kama nimesoma vyema tu, nikajibu nilichoulizwa.

Siku hizi siulizi kama jibu ni la kweli kabla sijauliza limejibu swali gani. Wenzangu wananiona msumbufu. Nilipomweleza baba habari za hewa na mbao, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza Ami Athmani amezikwa wapi. Sikujua. Nikaenda kwa Rukia, ambaye sasa anaishi na watoto wake huko Mjambere, nikitaka kumwambia kwamba baba yake hakuwa mwongo. Alinipa kiti, akanipa chai. Akaniambia kwamba baba yake aliipima mizani ile kila namna na hakuiona kosa, wala hakupata amani. Na tangu alasiri ile, mpaka duka lilipokwisha na likafungwa, yeye alimwongezea kila aliyenunua mchele kwake konzi moja ya mkono juu ya kipimo.