Nyumba Ni Yangu, Anayelala Humo Ni Mwingine

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimeegesha gari ng'ambo ya nyumba yangu mwenyewe kule Woodbridge, ughaibuni, nikiwatazama watu wengine wakiifurahia. Kalala, Mkongomani aliyekuwa mpangaji wangu, alikuwa akichoma nyama uani. Mkewe alikuwa amepanda maua pale ambapo miaka yetu yote paliota magugu tu. Majirani, ambao mimi walikuwa wakinipungia mkono kwa adabu basi, walikuwa wamekaa kwenye viti vyake wakicheka. Hakuna aliyenikosea. Lakini roho iliniwaka kama mtu aliyeibiwa.

Tulikuwa tumehama kwa hiari yetu. Mke wangu, Kemunto, ni muuguzi. Alipata kazi upande wa Landover, na ile foleni ya kuvuka mto kila siku ilikuwa inammaliza. Tukapanga nyumba ndogo karibu na kazi yake, yetu tukampangisha Kalala. Alilipa kwa wakati, hata sababu ya kumlaumu sikuwa nayo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wivu usio na sababu ndio mkali, mwanangu. Hauna pa kuishia.

Msimu wa kodi za serikali ukafika. Tulipoinunua nyumba ile tulipewa cheti cha nafuu ya kodi, kile wanachopewa watu wa kipato cha kawaida wanaponunua nyumba ya kwanza: sehemu ya riba ya mkopo inapunguzwa moja kwa moja kwenye kodi yako. Nikakipeleka kama kawaida kwa Mama Elinami, mhasibu mstaafu kutoka Moshi aliyetufanyia kodi sebuleni kwake Herndon, na ambaye vijana wote wa kanisa tulimsikiliza.

"Nyumba hii, baba, nani analala humo?" akauliza.

"Ni yangu, mama. Mkopo nalipa mimi."

"Sijakuuliza ni ya nani. Nimekuuliza nani analala humo."

Nikamtaja Kalala, na bila kuulizwa nikaongeza habari za nyama na maua. Akavua miwani, akanieleza polepole. Nafuu ile inafuata makao yako, haifuati jina lako kwenye hati. Miezi tuliyolala humo tungeidai. Tangu tulipomkabidhi mpangaji funguo, hapana. Lakini riba haipotei, akasema. Inahamia upande wa biashara ya kupangisha, na pamoja na bima na matengenezo inapunguzwa kwenye pango unalopokea.

Hilo la pili sikulisikia. "Kwa hiyo yeye anastarehe kwangu, na mimi nafuu imenitoka kwa ajili yake," nikasema. "Mkataba ukiisha namtoa. Nikirudi, na nafuu yangu itarudi."

"Kemunto anasemaje?"

"Sijamwambia."

"Basi umeuvalisha wivu koti la kodi, baba. Mshika mbili moja humponyoka. Huwezi kupokea pango na bado utake kuhesabiwa kwamba unaishi humo. Kama mkeo anataka kurudi, rudini. Usimtoe mtu kwa sababu maua yake yameota."

Niliondoka nimenuna, nikaenda moja kwa moja Woodbridge kumpa Kalala ilani ya kuhama.

"Patron, ingia," akasema mlangoni; ndivyo alivyoniita siku zote, yaani bosi. "Nilikuwa nataka nikuite."

Akaniteremsha chini, kwenye chumba cha ardhini. Zulia lilikuwa limeng'olewa, sakafu ikikaushwa kwa feni. "Mvua ya juzi, mayi iliingia. Sisi na majirani tuliitoa. Nilijua uko kazi, sikukusumbua. Vitu yenu yote tulipandisha juu."

Vitu vyetu vilikuwa maboksi tuliyoyaacha kule chini, yakiwa na picha za harusi na za marehemu mama yangu. Niliyakuta chumbani kwao, makavu.

Ungedhani wivu ulikufa pale. Haukufa. Walinikaribisha mezani, nikala pondu ya mkewe, kisamvu cha kwao, ikawa tamu, nikawaonea wivu hata kwa utamu huo. Lakini ilani niliyokuja nayo sikuitoa. Nikamwambia nitaleta fundi, na mkataba tutauongeza.

Kalala akamtazama mkewe. "Bibi yangu alikuwa anaogopa," akasema. "Aliona gari yako Samedi, Jumamosi ile, kule ng'ambo. Akasema, patron anataka nyumba yake."

Nilirudi Landover nikamweleza Kemunto yote, naye hakucheka wala hakunigombeza; aliniomba tu nisipite tena barabara ile bila shughuli. Ndivyo wivu ulivyoanza kunitoka, kidogo kidogo. Kalala alikaa kwetu mpaka aliponunua nyumba yake.

Basi shika hili, mwanangu. Nyumba ikibadili kazi, waambie wa kodi, wa bima na wa mkopo, usingoje kuulizwa; ulichoruhusiwa ukiwa unalala humo huenda usiruhusiwe tena. Na kabla hujaamua jambo juu ya mtu anayekaa kwako, pima kama ni hesabu inayosema au ni kijicho. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Ukikupata usione haya, maana kila mtu huuonja. Ila usiupe ruhusa ya kukuamulia.

Mungu akupe nyumba, akupe na watu wema wa kukaa ndani yake, na macho yako yasiumie kamwe kwa kuitazama neema ya mwenzio.