Walisema Jose Amebemendwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, tukiishi Buguruni kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, nilidhani kubemendwa ni ugonjwa kama surua. Watu wazima walilitaja neno hilo kwa kushusha sauti. Baadaye ndipo nilipoelewa: mtoto anayenyonya akidhoofu, husemwa wazazi wake wamelala pamoja kabla ya wakati, maziwa yakaharibika. Kwa hiyo mama wa mtoto aliyekonda hakuonewa huruma. Alitazamwa tu.

Mama Jose alipanga chumba kilichotazamana na chetu. Walikuwa wametoka Dodoma yeye na mumewe, fundi mwashi, na mjini hawakuwa na ndugu. Jose alikuwa na mwaka na miezi michache. Kwetu mie nilikuwa wa mwisho, sikuwa na mdogo wa kubeba, basi nikitoka shule nilimbeba yeye mpaka magharibi.

Kisha Mama Jose akapata mimba nyingine. Mwenye nyumba, mama mtu mzima wa Kizaramo tuliyemwita Bi Mwana, akamwambia aache kunyonyesha siku hiyohiyo, kwani maziwa ya mjamzito yangemmaliza mtoto. Hakusema kwa ubaya. Ndiye aliyekuwa akitukanda sote uani tukiwa na homa. Mama Jose akapaka shubiri kwenye ziwa. Jose alilia siku tatu, na mama yake alilala ameuelekea ukuta. Tangu hapo chakula cha Jose kikawa uji mweupe wa sembe, na jioni ugali kwa mchuzi. Yai alikatazwa, eti angechelewa kusema.

Nywele zake zikawa nyepesi, nyekundunyekundu. Akaacha kucheka. Halafu ghafla akanenepa, miguu na mashavu, nikafurahi sana. Nikamkimbilia mama kumwambia Jose amepona. Mama aliendelea kuchambua mchele.

Wiki hiyo akaja dada mmoja wa lishe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Alipika uji mbele ya akina mama, wa unga uliochanganywa karanga na dagaa waliosagwa, akaeleza jinsi ya kuchemsha maji ya kunywa na kufunika chakula, kisha akapima watoto mmoja mmoja. Mama alimsihi Mama Jose aende. Mwenyewe akasema hawezi kwenda kuanikwa mbele za watu.

Kesho yake dada yule alipokuja tena, nilimfunga Jose mgongoni nikampeleka bila kumuaga mtu.

Dada alimbonyeza unyayo kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki palepale. Akaniuliza mama yake yuko wapi, akanifuata hadi nyumbani. Wapangaji wote walikuwa uani.

"Huu ni unyafuzi, dada. Hajanenepa, amevimba kwa kukosa lishe," alimwambia Mama Jose pale mlangoni. "Mpeleke hospitali leo. Na ziwa hukutakiwa kumwachisha ghafla vile. Mimba haiharibu maziwa."

Mama Jose aliinamisha kichwa. Dada alipoondoka, Bi Mwana akasema polepole, "Mtoto aliyebemendwa akichomwa sindano, harudi."

Baba yake Jose alikuwa kwenye ujenzi Tegeta, analala hukohuko. Mama Jose alisema anamngoja aseme yeye. Siku mbili zikapita. Asubuhi ya tatu Jose hakuweza kumeza hata uji, mama yangu akamchukua kwa nguvu, wakaenda wote watatu hospitali. Huko alichomwa sindano, akatundikiwa dripu. Alasiri walirudi wawili.

Bi Mwana hakujisifu. Alilia kuliko watu wote. Lakini uani kila mtu aliyaunganisha kichwani mwake: Jose aliondoka yu hai, akachomwa, akafa. Na aliyeanza kumtoa nyumbani alikuwa mie. Hakuna aliyenipiga wala kunigombeza. Waliacha tu kunipa watoto wao niwabebe.

Mwaka jana nilimkuta Mama Jose Tegeta, anauza mbogamboga karibu na nyumba yake. Nikamwamkia, nikajitaja, akanishika mkono. Nilikuwa nimeyaandaa maneno kwa miaka. Nikamwambia mtoto habemendwi, kwamba Jose alikosa chakula cha kumjenga na alifika hospitali amechelewa, na kwamba yeye hakutenda dhambi yoyote.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo walishanieleza kliniki, mwanangu, nilipompata wa tatu. Nayaamini," akasema. "Lakini mie nilimnyima ziwa huku analia. Hilo hakuna wa kunieleza."

Nilikaa naye kidogo, akahudumia wateja wawili, nikaaga.

Siku zote nimesema tuliponzwa na kutokujua, na ni kweli. Lakini yule dada alijua, na aliyasema yote bila kukosea, mbele za watu, kwa mwanamke aliyekuwa ameshafanya kila alichoambiwa. Mambo hayo lazima yafundishwe, nami wanangu nawalisha hivyo. Sijajua tu yanavyofundishwa kwa mtu ambaye yamemfikia akiwa ameshachelewa.