Siku Kibibi Alipoila Baga ya Saif Ikiwa Moto

Saa tano na nusu asubuhi, Kibibi Muhidin anawasha jiko. Katika kibanda chake cha mabati mtaani Mbotela, anachanganya nyama ya kusaga na kitunguu saumu na pilipili manga, anaifinyanga madonge, kisha anayabana kwa kiganja. Skonzi zimekatwa katikati, zinangoja.

Wafanyakazi wa Industrial Area hawatakawia. Kila akiwaona wakivuka barabara, mama huyu wa miaka 46 hushukuru kwamba walirudi.

Baga hiyo ilikuwa ya mumewe, Saif. Kibibi mwenyewe alikuwa akishona nguo nyumbani Shauri Moyo; kibandani hakufika ila kwa nadra. Siku njema Saif aliuza baga arobaini. Machi mwaka jana, alilala na hakuamka.

Kibibi alikaa eda miezi minne na siku kumi, kibanda kikiwa na kufuli. Alipotoka, alikuwa na binti, Afnan, katika shule ya bweni na cherehani isiyoweza kulipa karo. Akafungua kibanda.

"Nilijiambia, baga ya Baba Afnan naijua kama sauti yake," anasimulia. "Nimeila miaka kumi na tisa."

Siku ya kwanza wateja walijaa. Walikula, wakamwombea marehemu, wakasifu. Wiki ya pili wakapungua. Mwezi wa pili alikuwa akiuza sita kwa siku, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mjane sababu.

Aliyethubutu ni Laban Kweyu, fundi wa kuchomelea vyuma, mteja wa tangu enzi za Saif. Alimaliza kula, akafuta mikono, akazunguka sana na habari za mvua.

"Mama Afnan, usinikasirikie," akasema mwishowe. "Hii imelowa. Ya mzee kando zake zilikuwa zinavunjika mdomoni. Na skonzi alikuwa anaigeuza kwenye yale mafuta ya nyama mpaka inashika rangi."

Kibibi alibisha. Saif hakuwahi kuileta hivyo, alijibu.

Kuileta. Kila jioni mumewe alimfungia baga moja kwenye karatasi, na ilipofika Shauri Moyo ilikuwa imepoa, mkate umenywa mchuzi wa ukwaju. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiwapikia watu: anazikaanga mapema, anazifunga, anaziacha zilowe, ndipo anauza.

Wiki nzima Laban na wenzake walisimama kando ya kikaango wakimwelekeza. Mmoja akisema geuza, mwingine anasema ngoja kidogo. Mourine, anayepakia mizigo ghalani, aliwacheka: Laban, ambaye hata chai humuungulia, leo amekuwa mwalimu wa upishi.

Siku ya Alhamisi Mourine alitafuna, akakata kipande kilichobaki. "Shika, mama. Ni yenyewe."

"Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula chakula cha mume wangu kikiwa moto," anasema Kibibi. "Nililia, nao wakageukia barabara wakajifanya hawanioni. Nawashukuru walionificha ukweli kwa heshima. Laban namshukuru zaidi."

Sasa anauza thelathini na tano, na karo ya muhula huu imelipwa. Mwezi Agosti Afnan atafunga shule. Naye pia, kama mama yake, anaijua ile ya kwenye karatasi tu.

"Sitamfungia," anasema Kibibi, akigeuza skonzi. "Atakaa hapa karibu na jiko, nimpe mkononi. Nataka aijue kama babake alivyoipika."